Nikah, usaili, sendofu na hafla ya ofisi ndani ya mwezi mmoja: nguo zipi zinatosha?

Mgeni_Tabata

Habari za leo wanajukwaa. Mimi na mke wangu tumehamia Dar kutoka Shinyanga na mwezi ujao umejaa. Ijumaa ya kwanza tuna nikah ya jirani, Magomeni (sisi ni Wakristo). Wiki inayofuata mke wangu ana usaili wa uhasibu kwenye taasisi ya umma, wa maandishi kwanza, kisha mahojiano. Jumamosi yake kuna sendofu ya binti wa mkuu wangu wa kazi, ukumbini Sinza, na kadi inasema rangi ni zambarau na dhahabu. Mwisho ni chakula cha jioni cha ofisi kwenye hoteli ya Posta, kadi imeandikwa "lounge suit or national dress".

Hatuwezi kununua nguo nne nne kila mmoja. Nguo zipi ni za lazima, zipi zinaweza kuzunguka shughuli zaidi ya moja, na kipi hakifai kabisa? Naomba mgusie na misiba, maana hapa taarifa inakuja asubuhi na mazishi ni alasiri.

---

Fundi_Gerezani

Karibu Dar, kaka. Kabla hujatoa hela, kwa kila shughuli jiulize mwili wako utafanya nini pale. Utakaa kwenye kiti au mkekani? Utavua viatu? Utasimama juani au utakuwa ndani ya kiyoyozi? Watu wengi hushughulika na rangi, halafu suruali inapasuka wakichuchumaa.

Nianze na kadi ya hotelini. Hiyo ni suti ya kawaida: koti na suruali vya kitambaa kimoja, shati la kola, tai, viatu vya ngozi vya kufunika. Sio tuksedo. Tuksedo, yaani koti lenye kola ya satini, tai ya kipepeo na suruali isiyovaliwa mkanda, ni ya kadi iliyoandikwa "black tie". Na wakiandika vazi la taifa usihangaike kutafuta nguo moja maalumu. Kitenge kilichoshonwa vizuri, kanzu na koti lake, au suti ya Kaunda, vyote vinaingia.

Kama suti ni moja tu, chukua bluu iliyokolea au kijivu cha mkaa. Nyeusi mchana inaonyesha vumbi lote la Tabata, na ikizeeka inang'aa makalioni na viwikoni mapema. Bluu iliyokolea inaenda kwenye usaili, ndoa, hafla ya jioni na mazishi ya kanisani, na hakuna atakayekushangaa.

Kitambaa ndicho kinachoamua kama utaivaa tena. Joto la Desemba hadi Machi hapa linapita nyuzi 30 na hewa imejaa unyevu. Tafuta sufu nyepesi, au mchanganyiko wa sufu na poliesta, wa gramu 220 hadi 260 kwa mita moja ya urefu wa kitambaa. Poliesta tupu haipitishi hewa, jasho linabaki ndani, na pasi ikizidi moto inaacha mng'aro usiotoka. Mwambie fundi bitana ya mgongoni iishie juu, kwenye mabega, sehemu ya chini iachwe bila bitana. Koti linakuwa jepesi na linapumua.

Vipimo sasa. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Ukizidi hata sentimita mbili koti linaning'inia, na hilo ndilo rekebisho gumu kuliko yote kwa sababu lazima mkono wote ubanduliwe na kupachikwa upya. Mkono wa koti uache shati lichungulie kama sentimita moja. Koti lifunike makalio. Pindo la suruali liguse kiatu na kukunjika mara moja tu mbele, lisilale kama soksi. Ncha ya tai iguse mkanda.

Suti mpya huja na nyuzi nyeupe za msalaba kwenye mpasuo wa nyuma, na lebo ya kampuni kwenye mkono wa koti. Vyote hivyo vinatolewa kabla ya kuvaa. Ni vya dukani, na nashangaa kuona watu wanavitunza. Mifuko nayo inakuja imeshonwa kwa uzi mlegevu, fumua kwa wembe taratibu. Koti la vifungo viwili funga cha juu tu, na ukikaa fungua, la sivyo kitambaa kinajivuta tumboni.

Kama unakuja mjini kwa mwendokasi, usilivae koti kwenye basi. Ligeuze ndani nje, likunje kwa urefu, libebe mkononi. Vaa singilendi ya pamba chini ya shati. Inanyonya jasho kabla halijafika kwenye shati.

---

Bint_Magomeni

Asalaam aleikum, na habari kwa wote. Kaka, kwa nikah huhitaji kujificha kwamba ni mgeni. Suruali ndefu isiyobana na shati la mikono mirefu vinatosha. Ukitaka kanzu, vaa bila wasiwasi, hapa pwani kanzu ni vazi la heshima la mwanaume na wenyeji watafurahi. Kofia si lazima kwako.

Shida za wageni ziko chini ya nguo. Nikah ikiwa msikitini au sebuleni, viatu vinabaki mlangoni na mnakaa kwenye zulia au mkeka, pengine zaidi ya saa nzima. Kwa hiyo viatu vya kamba ni usumbufu, watu wanakusubiri mlangoni. Soksi zisiwe na tundu. Suruali ya kubana inakatika mshono wa katikati pale mtu anapokunja miguu, na shati fupi linapanda mgongoni ukiinama. Makubadhi au viatu vya kuchomeka mguu ndivyo vinavyofaa.

Kwa kanzu, pima kutoka mfupa wa shingo nyuma hadi juu kidogo ya kifundo cha mguu. Ikiburura itachafuka pindo kabla hujafika. Kama ni pamba, iloweke na kuianika kwanza ndipo ukate urefu, kwa sababu inarudi ikifuliwa. Ndani vaa suruali nyeupe nyepesi au msuli na fulana. Kanzu nyingi nyeupe zinaangaza juani, yaani zinaonyesha ndani, na bukta ya rangi inaonekana kutoka upande wa pili wa barabara. Hata bukta nyeupe inaonekana. Rangi inayokaribia ngozi yako ndiyo inayojificha.

Mke wako avae gauni linalofika kwenye kifundo, mikono hadi kwenye kiganja, lisiwe la kubana wala la kuangaza, na mtandio kichwani. Mtandio wa satini unateleza kila dakika. Achukue wa pamba au shifoni, kama mita 1 na sentimita 80 kwa 70, na pini mbili ndogo, moja chini ya kidevu na moja begani. Baibui si lazima kwa mgeni. Akifika upande wa wanawake atawakuta wamevua mabaibui na ndani wana magauni ya kupendeza hasa. Asishangae, na asipige picha huko bila ruhusa ya wenyewe.

Msiba ndio ninaotaka muuzingatie, kwa sababu hauna kadi. Wekeni mfuko tayari nyumbani. Mke wako anahitaji doti moja ya khanga. Doti ni vipande viwili vilivyochapwa pamoja, kila kimoja kama sentimita 150 kwa 110. Unakata katikati na kupinda kingo. Khanga mpya ina wanga, ngumu, haikai kichwani, na rangi nyekundu inaweza kumwagika kwenye nguo ya aliyekaa karibu nawe. Ifue mara mbili kabla ya kuihitaji. Kipande kimoja anajifunga kiunoni juu ya dera au gauni lake, cha pili anajitanda kichwani na mabegani. Asome jina la khanga kabla ya kununua: ya mipasho ya mke mwenza haiingii msibani. Iliyoandikwa dua au sifa za Mungu ni salama popote. Viatu viwe vya chini, vya kuvua haraka, maana wanawake watakaa mkekani.

Kwetu Waislamu maiti hucheleweshwa kwa nadra, na kwa kawaida wanaokwenda makaburini ni wanaume, wanawake wanabaki nyumbani. Wewe kaka ukifuata jeneza vaa suruali ndefu ya rangi iliyotulia na viatu usivyovionea huruma, kwa kuwa ni udongo mtupu, na kila mtu anapenda kuchangia kufukia. Kwenye mazishi ya Wakristo wote mnakwenda, hivyo visigino vyembamba vinazama kwenye udongo pale Kinondoni au kwingineko.

---

MamaKamati

Shemeji, sendofu niachie mimi.

Zambarau na dhahabu kwenye kadi kwa kawaida ni rangi ya ukumbi na ya familia. Sio amri kwamba mgeni ang'ae zambarau kuanzia kichwani hadi miguuni. Sare kamili ni ya kamati, wazazi na marafiki wa bi harusi, na mara nyingi wameinunua pamoja kutoka robota moja, kwa sababu kitenge cha jina moja kikichapwa mara nyingine rangi inatofautiana na kwenye picha inaonekana. Mgeni anatosha kugusa rangi: kilemba, mkoba, mtandio, tai. Halafu kuna swali moja la kumpigia simu mtu wa kamati: binti mwenyewe atavaa rangi gani usiku huo? Kwenye sendofu bi harusi mara nyingi havai nyeupe, na inawezekana kabisa gauni lake ndilo la zambarau au la dhahabu. Mke wako asije akaingia na rangi ile ile. Nyeupe yote aiache, sendofu na harusi pia.

Sasa bajeti. Ushauri wangu ni kitenge kimoja kizuri chenye zambarau ndani yake, gauni refu la mikono. Litakwenda sendofu, na wiki inayofuata hotelini kama vazi la taifa. Likishonwa hadi kifundoni bila mpasuo mrefu na bila kubana, na mtandio juu, linakwenda pia kwenye nikah. Shughuli tatu kwa gauni moja, mradi abadilishe kilemba, hereni na viatu.

Yadi: kwa mwili wa kati gauni refu la mikono linakula yadi 4, kilemba yadi moja na nusu. Akitaka marinda mengi chini afike 6. Maua yakiwa makubwa ongeza yadi nzima, kwa sababu fundi lazima apange ua liangukie katikati ya kifua na mgongo, na asipokuwa na kitambaa cha kuchezea ua linakatika ovyo ubavuni. Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, wana vitenge vya kila namna. Vikunjue dukani muone kama kuna mstari uliopauka kwenye mkunjo. Kitenge kilichokaa sana rafuni kinapauka hapo na hakifichiki.

Kabla ya fundi, loweka kwenye maji baridi, anika kivulini, piga pasi upande wa ndani. Kitambaa kikirudi kabla ya kushonwa hakuna hasara. Kikirudi baada ya kushonwa, bitana inabaki na urefu wake na kuanza kuchungulia chini.

Mpelekeeni fundi wiki tatu kabla. Siku ya kujaribu, mke wako aende na viatu na sidiria atakazovaa siku yenyewe, vinginevyo urefu na kifua vitakuwa vya mtu mwingine. Ajaribu kukaa, kuinua mikono juu kama anacheza, na kupanda ngazi. Aombe fundi aache sentimita 2 na nusu za kitambaa kila ubavu ndani ya mshono. Mafundi wengi wanakata na kubakiza moja, na mwili ukiongezeka kidogo gauni linakuwa limekwisha. Nguo ichukuliwe Jumatano. Fundi wa Dar siku ya Ijumaa ana foleni ya watu wa harusi za Jumamosi na zipu hushonwa kwa mikono inayotetemeka.

Lesi nayo ni nzuri jioni, ila lazima ipate bitana kamili. Taa ya kamera inapita kwenye lesi yenye bitana nusu, na hamtajua mpaka picha zitoke.

---

Afisa_Ajira

Kwa usaili, shemeji (mke wa Mgeni) msimpeleke na kitenge cha maua makubwa. Akiingia kazini atavaa, siku ya usaili atulie.

Watumishi wa umma wana waraka wa mavazi tangu mwaka 2007, na ofisi nyingi zimebandika getini bango la michoro: nguo fupi, za kubana, za kuangaza, mgongo au kitovu wazi, kaptula, suruali za mlegezo. Askari wa getini hasikilizi kwamba wewe ni msailiwa. Anaangalia bango.

Sketi au gauni lipimwe akiwa amekaa. Mtu akikaa sketi inapanda sentimita 8 hadi 10, hivyo akisimama iwe imeshuka chini ya goti kwa kiasi hicho. Mpasuo wa nyuma usivuke goti. Blauzi ya kola au ya shingo ya duara iliyo juu, rangi tulivu: nyeupe, samawati, krimu. Chini ya blauzi nyeupe avae nguo ya ndani ya rangi ya ngozi, kama dada wa Magomeni alivyosema kuhusu kanzu. Kisigino cha sentimita 3 hadi 5, na asitumie siku hiyo kuanza kuvizoea viatu. Hereni ndogo, bangili zisizogongana na meza. Akijifunga hijabu au kilemba hakuna tatizo, uso uonekane kwa ajili ya kitambulisho.

Usaili wa maandishi mara nyingi unafanyika kwenye kumbi kubwa za shule au vyuo, joto, viti vya mbao. Heshima ni ile ile, ila koti liwe la kuvuliwa, na mikono ya blauzi isiwe ya kengele inayofagia karatasi. Vyeti halisi na kitambulisho viwe kwenye bahasha ngumu, sio kwenye mfuko wa plastiki unaopiga kelele.

Jambo la pembeni lakini zito: suruali, koti au begi la mtumba lenye mabaka ya kijeshi msinunue hata likiwa la bei ya kutupa. Raia kuvaa mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo ni kosa kisheria, na haitakusaidia kusema ni ya nchi nyingine.

---

Mchikichini_Juu

Mnazungumzia suti mpya tu. Karume mitumba kuna makoti ya sufu halisi kwa bei ndogo sana. Kwa nini asianzie huko?

---

Fundi_Gerezani

Aanzie huko, ni ushauri mzuri, ila akague. Kwanza kifua na kola: bana kitambaa kwa vidole viwili uone kama kuna mapovu. Makoti mengi yamebandikwa kwa gundi ndani, na ikiachia kwa pasi ya moto au kwa kufuliwa na maji, kifua kinafura na hakuna fundi wa kukirudisha. Pili, geuza kwapani uone bitana imeoza kwa jasho. Tatu, inua suruali juani utazame makalioni na gotini kama pametoboka au panang'aa. Nne, harufu ya ukungu, hiyo haitoki kirahisi.

Kinachorekebishika ni kiuno cha suruali, urefu wa suruali, ubavu wa koti na mkono kwa sentimita mbili tatu. Bega lisikae vizuri, acha. Na msiunganishe koti jeusi la mtumba na suruali nyeusi ya dukani mkaita suti, kwa sababu nyeusi mbili hazifanani chini ya taa za ukumbi. Koti la bluu na suruali ya kijivu, hiyo inakubalika kwenye sendofu. Kwa hoteli, suti moja.

---

Mgeni_Tabata

Asanteni sana. Mawili yamebaki. Mimi nikivaa shati la kitenge hotelini bila koti, nitakuwa nimekosea kadi? Na je, nyeusi inaruhusiwa kwenye sherehe? Mke wangu ana gauni jeusi zuri na viatu vya kisigino chembamba.

---

Kijana_wa_Upanga

Nyeusi inategemea mwenye shughuli. Kwenye tafrija za jioni za Wakristo imeshazoeleka, na kwa Waislamu baibui jeusi ni la kila siku. Lakini mkialikwa harusi ya Wahindu, nyeusi na nyeupe tupu ziacheni, na nyekundu muiache kwa bi harusi. Vaeni rangi za kuchangamka. Msiba wa Wahindu ni kinyume na mnavyodhani: wanavaa nyeupe, shati jeupe na suruali iliyotulia vinatosha. Hekaluni viatu vinavuliwa, kwa hiyo habari ya soksi inarudi pale pale.

---

MamaKamati

Gauni jeusi kwa sendofu hii lingepita, akiweka kilemba cha dhahabu. Ila kama familia ya binti ina wazee wa kimila, muulizeni mtu wa kamati. Wapo ambao bado wanaona nyeusi ni ya kilio.

Visigino vyembamba ni vya sakafu ya vigae tu. Kwenye bustani, na kumbi za ufukweni Mbezi au Kigamboni, vinazama. Kama ndivyo pekee alivyonavyo, apeleke kwa fundi viatu abadilishiwe mpira wa chini ya kisigino. Ukiwa umelika, msumari unabaki wazi na unateleza kwenye vigae vilivyomwagikiwa soda.

---

Fundi_Gerezani

Shati la kitenge hotelini si kosa, kadi imeruhusu, ila lijitosheleze kama vazi kamili. Mikono mirefu, kola iliyotiwa kitambaa kigumu ndani isilale, suruali ya kitambaa nyeusi au bluu iliyokolea, viatu vya ngozi. Suruali ya jinzi hapana. Likishonwa na pindo lililonyooka na kuishia katikati ya zipu, litavaliwa nje. Likiwa na pindo la mviringo, chomekea. Lako litakula yadi 3, hivyo kama mnataka kufanana na mkeo nunueni vyote siku moja duka moja, yadi 9 au 10 kwa pamoja. Na koti lile la bluu libebe hata kama hulivai. Vile viyoyozi vya kumbi za hoteli vinapuliza meza za pembeni usiku kucha.